Mgongo wa Sungura

Uroa, Unguja
Jumatatu, 20 Februari 2023

Kaka Haroub, shikamoo.

Huku sote wazima, na goti la mama limepungua kuuma. Naandika kwa kalamu kisha nitaipiga picha karatasi nikutumie, kwa sababu simu yetu unaijua. Ukipiga Ijumaa mama anaiweka katikati ya mkeka, na majirani wanasogea kusikiliza habari za Uingereza. Hili si la kwenye mkeka. Na wewe nijibu kwa kuandika, usinirekodie sauti.

Tumepata aibu. Bi harusi mmoja wa Kikwajuni, jina lake Fathiya, ameogea sabuni yetu ya mwani siku tatu kabla ya kusingwa kwa harusi, akatoka vipele vyekundu kuanzia shingoni mpaka mapajani. Singo ya manukato walimpaka juu ya vipele hivyo, analia. Mama yake amekuja mwenyewe mpaka Uroa na kipande cha sabuni ndani ya mfuko wa nailoni, akakiweka mbele yangu.

"Bi Sichana, mie sikuja kugombana," alisema. "Nambie tu mmetia nini humu."

Nikamwambia tumetia vile vile vya siku zote: mafuta ya nazi, mwani wa kusaga, mafuta ya karafuu na soda ya sabuni. Akaniangalia kama ninayemficha. Mimi mwenyewe sijui kilichotokea.

Unamkumbuka bibi alipokuwa somo wa kuwafunda maharusi? Hakumpa mwari kitu cha kujipaka ambacho yeye hajajipaka siku tatu. Na sisi tulianza hivyo. Kila sabuni mpya ikitoka, mmoja wetu anaiogea kwanza. Lakini tangu Sneha aanze kuichukua kwa duka lake la Mji Mkongwe, sabuni haikai. Tumeacha kujaribu, na wala hakuna siku tuliyokaa tukasema tuache.

Sasa Sneha amepata mnunuzi wa Ulaya anayetaka vipande elfu nne. Tuko wanawake sita, kaka, na sote bado tunaingia baharini kufunga mwani, maji yakitufika kiunoni. Oda hii ingetutoa majini. Lakini habari za Fathiya zimemfikia Sneha, naye anasema hapeleki jina letu kwa mtu mpaka tumwandikie tunajuaje kwamba sabuni yetu haidhuru ngozi.

Wewe uko hospitali miaka yote hii. Waulize madaktari wako: watu wanajuaje kama sabuni ni salama?

Mdogo wako,
Sichana


Uingereza
Jumapili, 26 Februari 2023

Mdogo wangu Sichana, marahaba.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya tatu nimeona bora niseme kweli kuliko kuanza kutafuta daktari wa uongo.

Sina madaktari. Sifanyi kazi hospitali. Mwaka wangu wa kwanza hapa mama aliniuliza kwenye simu, ghafla, na jengo letu lina kuta nyeupe na watu wa makoti meupe, basi hospitali ikanitoka mdomoni. Miaka kumi na mbili imepita. Kila Ijumaa nimezidi kuijenga hospitali hiyo, mpaka nimeipa vyumba na wagonjwa.

Kazi yangu ni kwenye nyumba ya wanyama. Naosha vizimba, nabadilisha matandiko, nalisha, natia maji, naandika ubaoni nani amekula na nani hakula. Kuna panya upande mmoja na sungura upande mwingine. Kampuni zinazotengeneza kemikali zinaleta vitu vyao vipimwe humu. Mimi niliishia kidato cha pili, majina ya vitu hivyo siyajui, nayanakili kama yalivyo. Nikitoka hapo mikono inanuka dawa ya kuoshea sakafu hata niioshe vipi, na mgongo wangu haukunjuki mpaka nimelala chini saa nzima.

Umeuliza watu wanajuaje. Mzee aliyenifundisha kazi alinieleza walivyokuwa wakifanya zamani. Unamnyoa sungura mgongo mpaka ngozi ionekane. Unaipaka sabuni sehemu ndogo, unaifunika na kitambaa, unamwachia saa kadhaa, kisha unamfunua. Unaangalia siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kama pamekuwa pekundu unaandika, kama pamevimba unaandika. Upande wa pili hupaki kitu, ili uwe na cha kulinganishia. Siku hizi hilo la ngozi hawalifanyi tena hivyo. Wanaotesha kangozi ka mtu kwenye kisahani cha kioo na kukapaka. Sungura waliobaki kwetu ni wa mambo mengine, ya mimba na watoto wao.

Sabuni yenu naona ina soda kali au haikukomaa. Iacheni ikae wiki nne kabla ya kuuza. Huo ndio ushauri nilio nao.

Haya ya kazi yangu yabaki kwako. Mama asijue. Anawaambia watu wa Uroa wote kwamba mwanawe anaponya watu.

Kaka yako,
Haroub


Uroa
Jumanne, 14 Machi 2023

Kaka, shikamoo.

Umetuokoa! Kisahani cha kioo hatuna, lakini sungura wapo.

Nilikwenda kwa Kheir, anayefuga sungura wa kuuza hotelini. Akaniuliza, "Bi Sichana, wa kitoweo?" Nikamwambia, "Wa kazi." Akacheka mpaka akakaa chini. "Miaka yote nafuga, sijasikia sungura aliyeajiriwa." Lakini akanipa jike mmoja wa kijivu, mpole.

Bi Ulfat, mwenzetu wa sabuni, alikataa kumshika. Alisema, "Kama sabuni ina kosa nipakeni mie. Mie nina mdomo, nitasema basi inaniuma." Nikamwambia hivi ndivyo wanavyofanya Uingereza kwenye majumba ya kisayansi. Akaondoka. Sungura tukamnyoa mimi na mwenzetu Bashira kwa wembe wa mumewe. Kulia tukapaka sabuni ya mwezi wa Disemba, kushoto ile iliyomharibu Fathiya, na katikati maji matupu, pawe pa kulinganishia kama ulivyosema.

Siku ya pili kushoto palikuwa pekundu. Siku ya tatu pamechubuka, na anapiga kelele ndogo ukimgusa. Sikujua kama sungura ana sauti. Kulia na katikati, safi.

Basi tukajua kosa liko kwenye sabuni mpya. Tukaanza kutafuta. Unajua soda tunapima kwa kikombe, kikombe kimoja kwa ndoo ya mafuta. Kile cha zamani kilivunjika mwezi wa Januari na Bi Ulfat akaleta chake kutoka nyumbani. Tukaviweka pamoja, kipya na vigae vya kile cha zamani tulivyoviunga kwa gundi, tukajaza maji. Kipya kinazidi karibu theluthi nzima! Miezi miwili tunawatia watu soda iliyozidi, na hakuna aliyeona, kwa sababu kikombe ni kikombe. Bi Ulfat alilia. Tumenunua mizani sokoni Darajani.

Tukatengeneza upya, tukampaka yule yule sehemu nyingine. Safi.

Nilikwenda mwenyewe Kikwajuni kuomba radhi, nikawaeleza kila kitu. Mama yake Fathiya akasema, "Yaani kesi yetu kaihukumu sungura?" Wakanipa chai. Fathiya ngozi imerudi, na yuko kwa mumewe.

Na Sneha nimemwandikia kurasa mbili, nikampelekea dukani mkononi mwake: siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama wanavyoandika huko kwenu. Nina hakika oda ni yetu.

La hospitali nimelisoma. Mama sijamwambia.

Sichana


Mji Mkongwe
Jumapili, 19 Machi 2023

Bi Sichana mpenzi,

Nimeona bora nikuandikie kuliko kupiga simu, maana kwenye simu ningesema vibaya.

Barua yako nimeisoma dukani nimesimama, ikabidi nikae. Kwetu sisi hatuli nyama, hatuli hata yai, unalijua hilo, umenikaribisha pweza mara ngapi ukinicheka. Mnyama mnyonge wa watu anyolewe mgongo aunguzwe kwa sabuni ninayoiuza mimi! Lakini niache hilo, ni la kwangu.

La biashara ni hili. Mnunuzi ameleta fomu, nimekuwekea humu na nimekutafsiria pembeni. Kifungu cha saba kinataka mtengenezaji aweke saini kwamba bidhaa hii haijapata kujaribiwa kwa mnyama, si na yeye wala na mtu mwingine kwa niaba yake. Kwao sheria inakataza, na wateja wao ndicho wanachokitazama kwanza. Mimi nilipokwambia unieleze mnajuaje kuwa ni salama, nilitaka uniandikie ile habari ya bibi yako somo. Ile ingeuza sabuni peke yake.

Kurasa zako mbili nimezikunja nimezitia kwenye droo. Hajaziona mtu. Weka saini kifungu cha saba, na lililopita Uroa libaki Uroa. Sungura mwenyewe alikuwa mmoja tu, na hamtarudia. Fomu irudi kwangu kabla ya mwisho wa mwezi wa tano.

Ramadhani njema kwenu nyote. Msalimie mama.

Sneha


Uroa
Ijumaa, 28 Aprili 2023

Kaka Haroub, shikamoo, na Idi iliyopita iwe ya heri kwako.

Mwezi mzima sikukuandikia. Nimekutumia picha ya barua ya Sneha na fomu, soma mwenyewe.

Nimefunga na hii fomu chini ya godoro. Wenzangu wote wanasema niweke saini. Bashira anasema, "Nani atakuja kumuuliza sungura?" Bi Ulfat peke yake hasemi kitu, na kunyamaza kwake kunaniudhi kuliko kama angesema.

Wewe ndiye uliye karibu na mambo haya. Nifanye nini?

Sichana


Uingereza
Jumanne, 2 Mei 2023

Sichana,

Weka saini.

Nakwambia kwa sababu naiona hii kazi kutoka ndani. Sheria ya huku inakataza tangu zamani kumpaka mnyama kipodozi. Ni sheria nzuri. Lakini ile kemikali inayotiwa ndani ya kipodozi ina sheria yake ya pili, na sheria hiyo haimuulizi anayejipaka. Inamuuliza anayeichanganya kiwandani: kibarua akiivuta puani, akimwagikiwa mkononi kila siku, itamfanya nini? Kwa swali hilo serikali inatoa leseni, na wanyama wanaletwa kwangu. Sasa hivi nina chumba kizima cha sungura wenye mimba kwa ajili ya kitu kinachotiwa kwenye mafuta ya kujikinga na jua. Hawaruhusiwi kuumizwa kwa ajili ya uso wa mwanamke, lakini wanaruhusiwa kwa ajili ya mkono wa mtu kama mimi na wewe.

Nilipolielewa hilo, miaka kama minne iliyopita, nilikaa kwenye ndoo ya kupigia deki nikacheka peke yangu. Maisha yangu yote sijaona mtu akiuliza habari za mkono wangu.

Chupa ninayoogea nyumbani imeandikwa kwamba haikujaribiwa kwa mnyama. Walioandika hawakudanganya. Wao chupa yao hawakuijaribu. Kilichomo ndani ndicho kilichopita kwa mwingine, kwa jina lingine. Basi kama wakubwa wanapita mlango huo, wewe wa sungura mmoja utabaki nje kwa nini?

Na kuna jambo jingine limenikosesha raha. Kwamba soda ikizidi inaunguza ngozi, hilo limejulikana kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Limeandikwa kwenye vitabu, na wanyama walioungua mpaka likaandikwa ni wengi, hawana idadi. Lakini wewe soda umenunua Darajani kwenye mfuko wa nailoni usio na hata neno moja. Wote wale waliungua kwa ajili ya mkono wako na habari haikukufikia, ikabidi uanze tena na wa Kheir. Hilo kosa si lako. Ningekuwa na akili ningekwambia nunua mizani, nisikuhadithie migongo ya sungura. Nilikuwa nimechoka na nilitaka kumwambia mtu kazi yangu.

Weka saini, mtoke majini.

Haroub

Yule sungura wenu mlimfanya nini? Wetu hawaponi. Kazi ikimalizika huuliwa wote, wazima na wagonjwa, wapasuliwe watazamwe ndani.


Uroa
Jumanne, 9 Mei 2023

Kaka Haroub, shikamoo.

Wetu tulimrudisha kwa Kheir. Alipona, manyoya yakaanza kuota. Kheir akamuuza hotelini pamoja na wengine. Mimi niliposikia sikula mchana ule, nikajishangaa, maana nyama ya sungura nimekula mara nyingi.

Nimekaa na barua yako wiki nzima. Uliyoyasema ya wakubwa nimeyaelewa. Lakini wao, kwa maneno yako mwenyewe, walichokiandika ni kweli, hata kama ni kweli ya kupita pembeni. Mimi nikiandika nitakuwa nimesema uongo wa moja kwa moja. Nilimshika kwa mikono yangu akipiga kelele.

Na watu wa Kikwajuni niliwaambia kweli, nikaona fahari. Kwa nini? Kwa sababu nitakutana nao. Nikishuka Darajani naweza kumkuta mama yake Fathiya ananunua ndizi. Sasa huyu mwanamke wa Ulaya atakayeogea sabuni yangu, nimdanganye kwa sababu sitamkuta kwenye ndizi?

Usikasirike na hili ninalolisema. Umeniambia niweke saini kwa wepesi, kama mtu aliyezoea. Mama umekutana naye kila Ijumaa miaka kumi na mbili, na kila Ijumaa unaweka saini. Juzi kamwambia mke wa imamu kwamba umepandishwa cheo wodini. Ni wewe uliyemwambia hivyo?

Basi tufanye hivi. Kama wewe unaweza kumwandikia mama kweli, barua nitakayoisoma kwenye mkeka mbele ya kila mtu, na mimi fomu nitaijaza kweli, tukose sote. Kama huwezi, nitaweka saini, na sitakulaumu wala usinilaumu. Lakini sitaki nibaki peke yangu nikichagua.

Mdogo wako,
Sichana


Uingereza
Jumapili, 21 Mei 2023

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Barua hii Sichana anakusomea kwa ruhusa yangu, na waliokaa nawe wasikilize wasiondoke.

Mama, mimi sifanyi kazi hospitali na sijapata kufanya. Hakuna wodi, hakuna cheo, na yule mgonjwa niliyekuhadithia, aliyenishika mkono akanishukuru, sikumwona popote. Ninafanya kazi kwenye nyumba ya wanyama wanaopimiwa kemikali. Naosha vizimba na nalisha. Pesa ninazokuletea ni halali ya jasho langu, hilo silo nililokudanganya.

Nilianza kwa sababu niliona aibu. Nilisafiri mbali sana, ukauza shamba la minazi nisafiri, nami nikaishia kufagia mavi ya sungura. Nikaona ukisema mwanangu yuko hospitali, minazi ile inakuwa imekwenda mahali pazuri.

Wiki hii kumetokea jambo. Serikali ya huku imetangaza kwamba haitatoa tena leseni za kuwapimia wanyama kemikali za vipodozi, hata kwa ile sababu ya kulinda vibarua. Nje ya geti palikuwa na watu na mabango, wanakumbatiana kama siku ya sikukuu. Mimi niliingia kazini kama kawaida. Bosi akatuita, akasema ile kazi ya mafuta ya jua imesimama leo. Nikamuuliza, "Na hawa sungura?" Akasema, "Hawa hawawezi kutumika kwa kazi nyingine, Haroub. Unajua." Nikasema najua.

Sasa chumba changu hakina kitu. Nimekiosha mara mbili. Sheria ni njema, na nafurahi imekuja. Nasema tu kwamba kwa wale waliokuwemo, kuja kwake na kutokuja kwake ni mamoja.

Wananiuliza kama nataka kuhamia upande wa panya au niondoke. Sijawajibu.

Nisamehe, mama. Sikutaka ufe ukiisifia hospitali ambayo haipo.

Mwanao,
Haroub


Uroa
Ijumaa, 26 Mei 2023

Kaka Haroub, shikamoo.

Barua nimeisoma leo baada ya sala ya Ijumaa, saa ile ile unayopiga simu. Mkeka ulijaa. Mke wa imamu alikuwepo, Bi Ulfat, Kheir, na wanawake wa sabuni wote. Nikamaliza. Mama alikuwa anatazama simu, imezimwa, katikati pale.

Kisha akauliza, "Hao sungura ni yeye anayewalisha?"

Nikasema ndiyo.

"Kila siku?"

"Kila siku, mama."

"Basi walishiba," akasema. "Haroub hajui kumpunja mtu chakula."

Mke wa imamu akaanza kusema jambo kuhusu wodi, mama akamkata. "Mie nshasikia, na wewe umesikia. Kunywa chai yako."

Fomu nilikwisha kuipeleka kwa Sneha jana, kabla sijaisoma barua yako kwa watu. Sikutaka kungoja nione wewe utasamehewa vipi ndipo mimi nijue la kufanya. Kifungu cha saba sikukitia saini. Niliandika chini yake, Kiswahili, naye Sneha akayatia Kiingereza: Sabuni hii ilijaribiwa kwa sungura mmoja, mwezi wa tatu mwaka huu, Uroa, kwa sababu ilikuwa imemuunguza mwanamke na hatukujua kwa nini. Sasa tunajua. Hatutafanya tena. Kuanzia sasa kila sabuni inaogewa na sisi wenyewe siku tatu kabla haijauzwa.

Sneha alisoma, akavua miwani. "Sichana, umeniua."

"Najua, Bi Sneha."

"Sawa. Ningeweka saini mimi kwa ajili yako, halafu nisingelala." Akaipiga fomu muhuri.

Jibu la mnunuzi limekuja baada ya saa tatu tu, kwa heshima kubwa: hapana. Oda wamempa mtu mwingine. Wenzangu wawili hawasemi nami. Kesho maji yanatoka alfajiri, tutakuwa wote baharini, wanaosema na wasiosema. Bi Ulfat anaogea sabuni mpya tangu juzi, ananyoosha mkono kila nikipita: "Tazama, daktari." Sneha ataendelea kuchukua kidogo kidogo kwa duka lake.

Sijutii. Nimechoka tu.

Mama kauliza swali jingine baada ya watu kuondoka, nikamwambia nitakuuliza. Anasema: umeandika kwamba bosi alisema unajua, kisha umeandika chumba hakina kitu. Katikati hapo umeruka. Hao sungura siku hiyo, alikuwepo mtu wa kuwashika?

Sichana


Uingereza
Jumamosi, 27 Mei 2023

Sichana,

Mwambie mama, nilikuwepo. Niliwashika mimi.

Huwa nawashika mimi siku zote. Daktari wa wanyama anapiga sindano, na mtu mwingine lazima amshike mnyama atulie. Miaka kumi na mbili ni kazi yangu, na kwako pia niliandika "huuliwa", kama jambo linalojifanya lenyewe.

Hawanikimbii. Mtu mwingine akiingia wanajibanza nyuma ya kizimba, wanapiga miguu. Mimi nikifungua mlango wanakuja mbele, kwa sababu ni mkono ninaowalishia. Siku ile walikuja mbele wote, mmoja mmoja, nikawapakata. Walikuwa na mimba.

Jumatatu nitamwambia bosi sihamii kwa panya. Msomee mama barua hii ukiwa peke yako naye. Kisha nipigieni, nitapokea.

Haroub